Nebula ya Carina haienei kwenye picha yangu: je, ninunue darubini kubwa zaidi?

Kijana_wa_AreaD

Habari za wakati huu, ndugu zangu wapenzi wa anga.

Naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha ambazo zimenichukua muda mrefu kuzikusanya. Ninaishi Dodoma mjini. Nina darubini ya vioo yenye kipenyo cha milimita 130 na urefu wa fokasi wa milimita 650, imekaa juu ya stendi ndogo ya ikweta yenye mota moja, na ninaifungia kamera ya Canon 600D ambayo haijabadilishwa chochote ndani. Kamera ilikuwa haipati fokasi kabisa mpaka fundi mmoja aliponisaidia kukisogeza kioo kikuu mbele kidogo ndani ya bomba, na tangu hapo sehemu hiyo haina shida.

Ninachokitaka ni Nebula ya Carina, wingu kubwa la gesi na vumbi angani, ile ambayo usiku usio na mbalamwezi huonekana hata kwa macho kama doa la ukungu ndani ya Njia Nyeupe, upande wa magharibi wa Msalaba wa Kusini. Nimeichagua kwa sababu mwezi wa tano, mvua zikishakatika na anga ya huku kwetu ikitakata, huwa imesimama juu upande wa kusini mapema usiku, saa ambayo hata mtu mwenye kazi ya asubuhi anaweza kuimudu.

Matatizo yangu ni mawili. La kwanza ni kwamba nebula haienei: ninapata kiini chake kinachong'aa pamoja na lile bonde jeusi linaloikata kwa umbo la V, lakini kingo zote zinabaki nje ya picha. La pili ni kwamba nyota zinatoka kama vistari badala ya nukta kila ninapofika sekunde 20, ingawa mota inazunguka na ninaisikia ikiunguruma. Nyota ya Kaskazini huku hatuioni, na kwenye ncha ya kusini sioni nyota yoyote ya kulenga, kwa hiyo huwa ninaielekeza stendi kusini kwa kutumia dira ya simu.

Kuna mtu anauza darubini iliyotumika yenye kipenyo cha milimita 200 na urefu wa fokasi wa milimita 1,000, naye anasema itamaliza shida zangu kwa kuwa inakusanya mwanga mwingi zaidi. Je, ninunue?

Mpiga_Picha_Makole

Mkuu, usinunue. Huyo muuzaji hakudanganyi kuhusu mwanga, ila shida yako si mwanga.

Nebula ya Carina imetanda angani kwa takriban digrii 2, sawa na miezi mipevu minne iliyopangwa kwenye mstari mmoja, na eneo la anga linaloingia kwenye picha halitegemei kipenyo cha darubini bali urefu wake wa fokasi pamoja na ukubwa wa kihisi cha kamera, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga. Hesabu yake ni nyepesi: chukua upana wa kihisi kwa milimita, gawanya kwa urefu wa fokasi, kisha zidisha kwa 57.3, na jibu litakuja kwa digrii. Kihisi cha 600D kina milimita 22.3 kwa 14.9. Kwa darubini uliyonayo unapata digrii 1.97 kwa 1.31, ndiyo maana kingo zinakatika. Kwa hiyo unayotaka kuuziwa utapata 1.28 kwa 0.85, maana yake utakuwa umelipa ili uone sehemu ndogo zaidi ya kitu unachotaka kukiona chote. Juu ya hapo, bomba la milimita 200 ni zito na linapigwa na upepo kama tanga, na stendi ndogo haiwezi kulituliza, hasa kwa upepo wetu wa kiangazi.

Kwa kazi hii inakubidi urudi nyuma. Lenzi ya kawaida ya milimita 200 inakupa digrii 6.4 kwa 4.3, na nebula nzima inakaa katikati ikiwa na nafasi ya kupumua pande zote. Ukishuka hadi milimita 135, ambayo inatoa digrii 9.5 kwa 6.3, hata lile fungu la nyota la IC 2602, ambalo naliita Kilimia cha Kusini, linaingia kwenye picha hiyo hiyo. Watu wengi wameiona ile picha ya miamba ya gesi iliyotolewa mwezi Julai 2022 kutoka darubini ya James Webb, wakadhani ndiyo Nebula ya Carina yenyewe; ile ni kona ndogo tu ya NGC 3324, kwenye ukingo wa kaskazini-magharibi. Chombo chenye kioo cha mita 6.5 kilichukua kona. Wewe unataka shamba zima, na kwa shamba zima lenzi fupi ndiyo chombo chake.

Na lenzi hiyo huenda usihitaji kuinunua. Wapiga picha wa harusi karibu wote tunayo ya 70-200, na kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi inalala kabatini. Tafuta unayemfahamu, muelewane bei ya kuazima kwa usiku mmoja, na umhakikishie kwamba vumbi halitaingia. Ukiipata, usiifungue hadi mwisho: kama inafika f/2.8, ishushe hadi f/4 ili nyota za pembeni zisiote mabawa. Zima fokasi ya kujiendesha, tafuta nyota angavu, kuza picha mara 10 kwenye kioo cha nyuma cha kamera, na uzungushe pete polepole mpaka nyota iwe ndogo kadiri inavyowezekana. Rudia zoezi hilo kila baada ya saa moja hivi, kwa sababu Dodoma jioni huwa na joto na kufika usiku baridi imeshaingia, na fokasi huhama jinsi lenzi inavyopoa.

Mpima_Ardhi

Nakubaliana na aliyetangulia kuhusu lenzi. Hata hivyo lenzi itavificha vistari tu, haitaviondoa, na chanzo chake ni hiyo dira ya simu.

Stendi ya ikweta inafanya kazi pale tu mhimili wake unapokuwa sambamba na mhimili wa dunia. Dodoma iko takriban digrii 6 na dakika 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo ncha ya kusini ya anga kwetu imeinuka digrii 6 tu kutoka kwenye upeo wa macho, ndani ya vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Nyota iliyo karibu na ncha hiyo, Sigma Octantis, ina mng'ao wa 5.4 (namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu zaidi), na hata ikiwa utosini ungeitafuta kwa shida. Kwa kimo cha digrii 6 isahau. Vijana wanaosoma maelekezo ya mtandaoni yaliyoandikwa na watu wa Ulaya wanapoteza usiku mzima hapa.

Sasa tazama hasara ya kukosea. Mhimili ukiwa nje kwa digrii 1, nyota inaweza kuteleza hadi sekunde 16 za tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii) kwa kila dakika moja ya saa. Pikseli ya 600D ina mikromita 4.3, na nyuma ya darubini ya milimita 650 inafunika sekunde 1.4 za tao, kwa hiyo kosa la digrii 1 linakutelezesha karibu pikseli 12 kwa dakika. Kwa lenzi ya milimita 200 pikseli hiyo hiyo inafunika sekunde 4.4, na mteleko unakuwa chini ya pikseli 4. Simu iliyoshikwa karibu na mota, chuma cha stendi au bodi ya gari inaweza kukosea digrii 5 bila kukwambia, na kwa kosa hilo sekunde zako 20 zinatosha kabisa kuzalisha mstari wa pikseli 19 kwenye darubini yako. Kuna wanaosahau pia swichi ya N na S inayoamua upande wa mzunguko wa mota. Ingekuwa ndiyo hiyo, vistari vyako vingekuwa virefu mara nyingi zaidi, kwa hiyo kwako naiondoa.

Kusini ya kweli itafute mchana, kwa timazi ya fundi uashi. Fika kwenye eneo lako siku hiyo hiyo, ning'iniza timazi juu ya ardhi iliyosawazishwa, na subiri jua lifike katikati ya safari yake. Saa zetu zinafuata longitudo ya digrii 45 mashariki ilhali Dodoma iko kwenye 35.75, kwa hiyo jua linafika katikati kama dakika 37 baada ya saa 6 kamili. Katikati ya Mei, kwa sababu ya jua kutangulia kidogo kipindi hicho, inakuwa saa 6 na dakika 33 mchana. Dakika hiyo kivuli cha uzi wa timazi kinalala kusini barabara, kwa kuwa jua liko kaskazini mwetu. Piga vigingi viwili juu ya kivuli, vuta uzi kati yake, na mhimili wa stendi uufuate uzi huo usiku. Usitumie saa ya ukutani ya dukani: kwa tarehe hizo kivuli kinazunguka zaidi ya nusu digrii kwa kila dakika, na ukichelewa dakika 4 umeshakosea digrii 2. Saa ya simu iliyounganishwa na mtandao inatosha.

Giza likiingia, malizia kwa kuitazama nyota yenyewe. Chagua nyota iliyo karibu na ikweta ya anga wakati inapita juu ya kichwa. Kwetu nyota hizo hupita karibu kabisa na utosi, jambo ambalo watu wa latitudo za juu hawana. Iweke katikati ya jicho la darubini lenye ukuzaji mkubwa, acha mota iendelee, na uangalie kama inahama kwenda kaskazini au kusini. Ikihama, zungusha stendi kidogo upande mmoja. Ikizidi kuhama kwa kasi, ulikwenda upande usio sahihi, kwa hiyo rudi upande wa pili. Kisha fanya vivyo hivyo kwa nyota iliyo chini mashariki, safari hii ukirekebisha kimo cha mhimili badala ya kuzungusha. Nyota ikitulia kwa dakika 5, piga picha zako za sekunde 60 kwa amani.

Kijana_wa_AreaD

Nashukuruni sana, wakuu. Habari ya darubini ya milimita 200 nimeiacha.

Mpima, umenigusa mahali ambapo sikuwa nimepatazama. Nimeikagua stendi yangu, na kipimo chake cha latitudo kinaishia digrii 15. Bolti ya nyuma imefika mwisho na hairuhusu kushuka zaidi. Maana yake hata ningeielekeza kusini sawasawa, mhimili ungekuwa umeinuka digrii 9 kuliko unavyotakiwa. Je, nikate chuma au kuna njia nyingine?

Swali langu lingine ni hili: nimesoma kwamba watu huunganisha vipande kadhaa vya picha ili kupata kitu kikubwa. Kwa kuwa darubini ninayo tayari, je, nisingeweza kufanya hivyo badala ya kutafuta lenzi?

Mpima_Ardhi

Usikate chochote. Inamisha tripodi yote.

Weka mguu mmoja upande wa kusini na miwili upande wa kaskazini, kisha pima kwa futi ya kamba umbali kutoka unyayo wa mguu wa kusini hadi kwenye mstari unaounganisha nyayo za miguu miwili ya kaskazini. Umbali huo ukiwa sentimita 80, inua miguu ya kaskazini kwa takriban sentimita 12, ama kwa kuirefusha ama kwa kuiwekea vipande vya mbao ngumu chini, na mhimili utashuka kutoka digrii 15 hadi 6 na ushee. Kabari ya mbao aliyoichonga seremala ni bora kuliko mawe, maana mawe hucheza. Mguu wa kusini ndio utakaobeba mzigo unaoegemea huko, hivyo kamwe usiigeuze tripodi ikawa na pengo upande huo. Nimeona darubini ya mtu ikienda chini taratibu mbele ya macho yetu kwa kosa hilo, na kioo hakikunusurika.

Kabla giza halijaingia, izungushe stendi kwa mkono pande zote, mota ikiwa imezimwa, uone kama fimbo ya uzito wa kusawazisha inagonga mguu. Mhimili ukiwa umelala namna hii fimbo hushuka karibu wima, na stendi nyingi hazikutengenezwa kwa kufikiria watu wanaokaa karibu na ikweta.

Mwalimu_Kondoa

Nimefuatilia mjadala huu kwa furaha. Kuhusu vipande, msimamo wangu ni tofauti kidogo na wa mpiga picha wetu wa Makole, kwa sababu naona darubini ya milimita 650 itampa kijana huyu kitu ambacho lenzi ya milimita 200 haitampa, yaani zile nyuzi nyembamba za gesi na vumbi zilizo karibu na kiini.

Vipande vinne, viwili kwa viwili, kila kimoja kikimwingilia jirani yake kwa robo, vinampa jumla ya takriban digrii 3.4 kwa 2.3, na hapo nebula yote inaenea. Gharama yake ni muda. Katikati ya Mei nebula hii hufikia kimo chake cha juu, digrii 36 hivi, karibu saa 2 usiku; ikifika saa 4 na nusu imeshuka chini ya digrii 30, na saa 5 na nusu inakaribia digrii 23, mahali ambapo mwanga unapita kwenye hewa nene yenye vumbi na nyota zinavimba. Ukiondoa muda wa kusubiri giza kamili, una kama saa tatu za mwanga mzuri kwa usiku. Vipande vinne vya saa moja moja haviishi usiku mmoja, na usiku wa pili hewa haitakuwa ile ile, kwa hiyo viungo vitaonekana iwapo hukupiga picha za usawa, yaani za mwanga ulio sawa kote za kusahihishia nyingine, kwa kila usiku. Anayeweza kuvumilia hayo ayafanye, lakini baada ya kuimudu stendi, si kabla.

Kuhusu urefu wa kila picha, Carina ina tabia yake. Ndani ya kiini kuna nyota ya Eta Carinae, ambayo mwaka 1843 iliwaka hadi ikawa ya pili kwa mng'ao kati ya nyota zote za usiku baada ya Shira, kisha ikafifia, na hadi leo imefunikwa na mawingu mawili ya gesi iliyoyatapika yenyewe katika mlipuko ule. Ukipiga sekunde 60 au 90 kwa ISO 800 ili kuzipata kingo hafifu, eneo hilo la kati linaungua na kuwa jeupe tupu. Dawa yake ni kupiga pia picha kadhaa za sekunde 10, kuzichakata peke yake, na kukipandikiza kiini chake juu ya picha ndefu kwenye programu kama GIMP. Tazama histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye kioo cha kamera: kilima chake kikiwa kati ya robo na theluthi kutoka kushoto, umetosha; usikiache kibanane na ukuta wa kushoto, wala usiharakie ISO kubwa kwa kudhani inaongeza mwanga.

Rangi nayo isikukatishe tamaa. Sehemu kubwa ya wekundu wa nebula ni mwanga wa hidrojeni wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3, na kamera za kawaida zina kichujio mbele ya kihisi kinachozuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ndiyo maana picha yako inatoka ya waridi iliyopauka wakati za wengine ni nyekundu kama damu ya mzee. Wapo mafundi wanaokiondoa kichujio hicho, lakini Carina inang'aa kiasi kwamba sioni haja ya kuihatarisha kamera kwa ajili yake. De Lacaille aliiorodhesha mwaka 1752 akiwa Rasi ya Tumaini Jema kwa kijidarubini chenye lenzi ya nusu inchi, na vifaa vyetu sote humu vinamshinda mbali.

Kinachoshinda kichujio ni wingi wa picha zinazorundikwa kuwa moja. Kelele kwenye picha hupungua kwa kipeuo cha pili cha jumla ya muda, kwa hiyo ili picha iwe safi mara mbili unahitaji muda mara nne. Picha 120 za sekunde 60 ni saa mbili, na hizo kwa lenzi ya f/4 zinatoa kazi ya kujivunia. Ongeza picha za giza 20 au 30 za kuondolea kelele ya kihisi, ukiwa umefunika lenzi, kwa ISO na sekunde zile zile, wakati unafunga vitu vyako na kamera bado iko kwenye baridi ile ile. Ukizipiga nyumbani mchana kwenye joto hazikusaidii. Picha za usawa zipigwe kwa kutandaza fulana nyeupe safi mbele ya lenzi na kuielekeza kwenye anga ya magharibi jua likishazama, bila kugusa fokasi wala kuichomoa kamera. Huku kwetu vumbi linaingia hadi kwenye kihisi, na bila picha hizo utapata madoa ya kijivu kama sarafu katikati ya nebula. Programu za Siril na DeepSkyStacker zote ni za bure na zinafanya kazi ya kuunganisha; mimi napendelea Siril kwa sababu inaondoa vizuri ule mwanga wa mji unaopanda kutoka upande mmoja wa picha.

Mpiga_Picha_Makole

Mwalimu, sikupingi kuhusu zile nyuzi za kiini. Ila umesema mwenyewe, "baada ya kuimudu stendi". Mtu ambaye leo hafikishi sekunde 20 ukimpa vipande vinne utamfanya auze vifaa vyote kabla kiangazi hakijaisha. Aanze na lenzi, apate picha moja nzima.

Nilichotaka kuongeza ni mahali. Tangu serikali ihamie huku taa zimeongezeka kila upande, na Mji wa Serikali wa Mtumba umeangaza mashariki yote. Wengi wakitaka giza wanakimbilia barabara ya Kondoa au ya Singida kwa sababu wamezizoea, lakini kwa Carina hilo ni kosa la mwelekeo: nebula iko kusini, na ukienda kaskazini ya mji unaipiga picha juu ya paa la Dodoma lenye taa zote. Shika barabara ya Iringa, upite Mpunguzi, ili mji ubaki mgongoni mwako na kusini pawe na giza. Gari liegeshe upande wa mashariki ya stendi liwe ukuta wa upepo.

Mpima_Ardhi

Hapo umenena. Niongeze la kijamii, maana kazi yangu imenifundisha: pita kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, mchana, ukiwa na timazi yako, umweleze utakachofanya usiku. Mtu aliyeinama porini saa 3 usiku kando ya bomba jeupe, na tochi iliyofungwa nailoni nyekundu, sungusungu hawataanza kwa salamu. Ukishajulikana, watoto na wazee watakuja kuchungulia, na hilo ni jema, ila wapangie muda wa kuchungulia kabla hujaanza kupiga picha, kwa sababu mguso mmoja kwenye tripodi unaharibu dakika yote.

Umeme: betri ya volti 12 ya sola inatosha mota kwa usiku mzima. Kipasha joto cha kuzuia umande, ambacho maelekezo ya wenzetu wa pwani hukisisitiza, huku kiangazi hukihitaji.

Kijana_wa_AreaD

Nimepata mtu wa kuniazima lenzi ya 70-200, na seremala ameshachukua vipimo vya kabari. Swali la mwisho: lenzi hii nikiielekeza juu naona pete ya kukuzia inateleza yenyewe taratibu kutoka 200. Je, nitumie kipimo kidogo zaidi?

Mpiga_Picha_Makole

Hapana, baki kwenye 200, au shuka hadi 180 kama kingo za lenzi hiyo ni laini mno. Ukishapata fokasi, zifunge pete zote mbili kwa selotepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi za magari, si ile ya plastiki inayoacha gundi kwenye lenzi ya watu. Kisha tazama nyota tena kwa ukuzaji wa mara 10, kwa sababu kule kubandika kwenyewe huisogeza fokasi.